Makopo Sita Kwenye Banda la Vitunguu

Sepuka, Jumapili jioni

Mwanangu Debora,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyekufikisha. U mzima? Miguu haikuvimba kwa kukaa garini? Na kile kifua chako, vumbi la njiani halijakiamsha? Nakuuliza kama vile umeshafika chuoni, ingawa sasa hivi ninavyoandika uko Mwankoko kumuaga bibi yako, na begi lako liko hapa karibu na mguu wangu, halijafungwa zipu. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo. Anasema ni pumba za mtama, mimi nasema ni ubishi wa kulala nje na ng'ombe wakati zizi lina mlango.

Mambo ya kufunga chumba, ya kutoazimisha nguo, ya kumtazama vizuri mtu anayekuita dada siku ya kwanza tu anapokuona, hayo baba yako amekuambia wiki nzima mpaka umeanza kuyamalizia wewe mwenyewe. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu moja, nimekaa nalo miaka miwili na zaidi. Ningeweza kukuambia kwa mdomo leo asubuhi tulipokuwa tunatoka kanisani, ulikuwa umenishika mkono. Nilifungua mdomo nikasema kwamba kwaya leo ilichelewa kuanza. Ningeweza pia kukupigia simu ukishafika, lakini kwenye simu ningelia na salio lingekwisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Kwa hiyo naandika. Elimu yangu unaijua, darasa la saba, usinisahihishe herufi.

Ni habari ya yale makopo yako.

Kabla sijaifikia nataka ujue kwamba mimi nilikujua toka zamani wewe ni mtoto wa namna gani. Ulikuwa hujaanza darasa la kwanza. Tulikuwa tunapumzika kwenye yale mawe makubwa ya shamba la chini, mimi nimechoka na palizi, wewe unazunguka zunguka. Ukaona madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa yaliyoganda kwenye jiwe. Ukaniuliza, "Mama, jiwe linaumwa surua?" Nikakujibu ndiyo, litapona. Ukakwaruza doa moja kwa ukucha, chini yake ukakuta jiwe limelainika, linatoka unga. Ukaniambia, "Halitapona, mama. Linaliwa." Nilicheka sana, nikaenda kuwasimulia wenzangu wa kwaya. Sikujua kwamba ulikuwa umeona kitu ambacho watu wazima wanakaa darasani kukisomea.

Halafu ukafika kidato cha tatu, na ule mwaka bwana shamba akatuletea sisi wa kikundi cha wakulima unga wa jiwe la fosfeti, mbolea ya kusagwa, kila kaya mfuko mmoja, tujaribu. Baba yako akautia kwenye mtama kama alivyoelekezwa. Tukangoja. Mtama ukatoka na majani yake yale yale ya zambarau pembeni, dalili ya kukosa hiyo fosfeti, mfupi, umesinyaa. Baba yako akasimama katikati ya shamba akasema, "Mama Debora, tumelipaka shamba poda, sasa litafutiwe mchumba." Watu walicheka kijiji kizima. Nusu ya mfuko ikabaki, tukausukuma pembeni bandani.

Wewe hukucheka. Ulikwenda kumuuliza mwalimu wako wa biolojia, ukarudi na maneno mengi. Ulinieleza jikoni huku nasonga ugali, na mimi nilikuwa naitikia bila kusikiliza, mpaka ulipochukua lile birika letu. Unalijua, maji ya kisima chetu yana chumvi ya mawe, ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe mgumu ambao nimeukwangua kwa kisu miaka na hauondoki. Ukaweka ukwaju na maji kidogo ukaacha. Kesho yake ukalisuuza, ukoko ukatoka vipande vipande. Ukasema, "Sasa umeona, mama. Mmea hauna meno. Unakunywa kile kilichoyeyuka kwenye maji tu. Fosfeti ya ule unga ipo, lakini imeshikwa na chokaa ndani ya jiwe. Panahitajika uchachu wa kuifungua."

Nikakuuliza tutapata wapi ukwaju wa kumwagia shamba zima. Ukacheka ukasema hatuhitaji ukwaju, kuna kiumbe kinatengeneza uchachu kama wa limau chenyewe, bure, na tunacho hapa nyumbani. Ukaingia bandani ukatoka na kitunguu kilichooza, kina ule ukungu mweusi chini ya ganda, ule unaokuachia masizi vidoleni. Ulikishika kama mtu aliyeshika kifaranga.

Debora, wewe ni mtoto wa wakulima wa vitunguu. Unajua ukungu mweusi kwetu ni kitu gani. Kitunguu kimoja ukikisahau kwenye kichanja, baada ya wiki mbili safu nzima imeingiwa. Mama yangu alikuwa akikuta kimoja anakitoa bandani kwa jani, hakigusi kwa mkono, anakizika. Na wewe unaniambia unataka kuufuga. Nilikukubalia kwa sababu nilikuona unafurahi, lakini moyoni sikukubali. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kukubali kwa mdomo tu.

Ulikata makopo kumi na mawili ya mafuta ya kula. Yote ukayatia unga wa jiwe na uji mwepesi wa mtama. Sita ukayapaka ukungu. Sita hukuyapaka, ulichemsha uji wake ukayafunga kitambaa kizito, ili uone tofauti. Ukayapanga kwenye pembe ya banda, nyuma ya kichanja. Baada ya siku chache yale sita yakavaa ngozi nyeusi kama mahameli. Uliniita nije kuona na nilikuja, nikasema vizuri mwanangu, nikatoka kunawa mikono.

Halafu mkaitwa kambi ya masomo shuleni, wiki mbili, mnalala huko huko. Uliniachia makopo. Ulinionyesha kijiko, ukaniambia kila jioni kijiko kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, nisifunue zaidi ya hapo, nisiyahamishe. Ukaniuliza kama nitaweza. Nikakuambia, mimi nimekulea wewe mpaka umefika hapo, nitashindwa makopo?

Wiki ya kwanza nilifanya kama ulivyosema. Wiki ya pili Mama Yusufu wa jirani akaja kuomba kamba. Akaingia bandani mwenyewe kama kawaida yake. Akatoka anafuta mikono kwenye khanga.

"Mama Debora," akaniambia, "hivi mmehamia kwenye kufuga masizi? Maana nimeona na vyungu vyake."

"Ni masomo ya Debora," nikamwambia.

"Haya. Sisi wengine watoto wetu wanasoma kwenye vitabu."

Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo, unamjua. Lakini alipoondoka niliingia bandani nikaanza kupekua vitunguu. Nikakuta kimoja cheusi, na cha pili, na kwenye safu ya chini vinne. Vile vitunguu ndivyo tulivyotegemea kuuza tukulipie ada. Sikukumbuka kwamba mvua ya nyuma yake ilivuja pale pale kwenye ile safu. Sikukumbuka kwamba wewe ukungu wenyewe uliutoa kwenye vitunguu vyetu, ulikuwepo kabla ya makopo. Nilichoona ni makopo tu.

Nikachemsha maji. Unajua tunavyofanya kibuyu cha maziwa kikishaingia uchungu, unakimiminia maji ya moto, unatikisa, unamwaga, unamimina tena mpaka harufu ikate. Nilifanya hivyo hivyo. Nilianza na kopo la kwanza, ngozi nyeusi ikaelea juu, nikaiondoa kwa mwiko. Nikamwaga yale maji kwenye karo la bafuni. Nikarudia mara mbili. Makopo yote sita. Chini ukabaki unga wa jiwe tu, mweupe, safi, umetulia. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nikayatia uji mpya kidogo nikayarudisha mahali pake, kila kopo kwenye alama yake, nikayafunika kama ulivyokuwa umeyafunika.

Hapo kwenye kuyarudisha ndipo ninapotaka usome taratibu, mwanangu. Kuchemsha kulikuwa ni woga. Kuyarudisha kwenye alama zake, huko hakukuwa woga tena.

Ulirudi Jumamosi. Kabla hujavua viatu uliingia bandani. Ukatoka umekunja uso, ukaniuliza mbona ukungu umepungua hivi. Nilikuwa napepeta. Nikasema labda ni joto. Ukasema, "Lakini ukungu huu unapenda joto, mama." Nikasema basi labda ni baridi. Ukanitazama, ukacheka, ukadhani natania. Ningekuambia pale pale ungelia siku moja, ungeanza tena Jumatatu, muda ulikuwepo. Badala yake niliendelea kupepeta.

Ukachanganya ule unga na udongo, ukapanda mtama kwenye makopo yote kumi na mawili. Ukawa unapima kwa rula kila siku, unaandika daftarini. Yote yalitoka na majani ya zambarau. Yote kumi na mawili, hakuna lililozidi lingine. Na mimi nikawa nakuona unavyopima, nikawa najiambia, basi hata bila mimi isingewezekana, ni mambo ya vitabuni haya. Nilijidanganya vizuri mpaka nikaweza kulala.

Siku ya maonyesho ya shule pale Ikungi nilikuja na kitenge changu cha kanisani. Ulisimama mbele ya makopo yako na karatasi yako ya manila. Wenzako walikuwa wameleta taa zinazowaka na gari la mabati linalotembea. Yule mama aliyekuwa anatoa alama akakuuliza umegundua nini. Watoto wengine wangetunga. Wewe ulisema wazi, "Nimegundua kwamba ukungu wa vitunguu haufungui fosfeti ya jiwe. Hakuna tofauti." Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo umekuja kutuonyesha uchafu wa kwenu?" Watu wakaangua kicheko.

Na mimi nilicheka, Debora. Sijui kama uliniona. Nilicheka kwa sababu wote walicheka, na kwa sababu nilikuwa naogopa mtu asiyecheka angeonekana.

Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi Sepuka uliniambia, "Mama, samahani nimekupotezea siku." Wewe uliniomba msamaha mimi. Halafu ukasema sayansi huiwezi, huna kichwa chake. Nikakujibu nini? Nikakujibu, "Mungu ana njia yake na kila mtu." Nimeomba toba kwa mengi maishani mwangu, lakini sentensi ile inanichoma kuliko maji yale ya moto. Kazi niliyoifanya mimi kwa mwiko na sufuria nilimsingizia Mungu, na nikaisema kwa sauti ya upole, ukaamini.

Baada ya pale uliacha kumsumbua mwalimu wa biolojia. Mtihani wa kidato cha nne uliufanya kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Ukasema ukatibu muhtasi unafaa, unaandika haraka, una mwandiko mzuri. Ni kweli vyote. Ni kazi ya heshima na sitaki uone naidharau. Ninachosema ni kwamba uliichagua ukiwa na habari ya uongo juu yako mwenyewe, na habari hiyo niliitoa mimi.

Sasa nikuambie nilichofanya mwaka huu.

Ulipokuwa kwa shangazi yako baada ya mtihani, nilikuwa nasafisha banda nikakuta daftari lako nyuma ya ule mfuko. Nilitaka kuliwashia moto. Nikalifungua. Nimelisoma taratibu, kwa kidole, jioni nyingi. Kuna mahali umeandika kwamba fosfeti ikishafunguliwa inahamia kwenye maji. Nikasoma mara mbili. Inahamia kwenye maji. Basi yale maji meusi machachu niliyoyamwaga kwenye karo ndiyo yaliyokuwa nayo, na mimi nilikubakishia jiwe. Nilikaa chini palepale kwenye pumba.

Nikaamua kufanya upya. Nilitafuta kitunguu chenye ukungu, mimi ambaye navizika. Nikakata makopo manne tu, mikono yangu haina subira kama yako. Mawili na ukungu, mawili bila. Uji wa mtama, unga wa jiwe kutoka mfuko ule ule. Nikayaweka nyuma ya choo mtu asiyaone. Baba yako akayaona siku ya pili. Akasimama akaniuliza kama nimeamua kuanza uchawi uzeeni ama vipi. Nikamwambia yote, toka maji ya moto mpaka stendi ya Ikungi. Mimi na yeye tumeoana miaka mingi na sijawahi kumuona akikosa la kutania. Akavua kofia, akaivaa. Halafu akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Mimi sitakusemea." Akaenda kwa ng'ombe wake.

Nilipanda mtama kama ulivyoandika. Sitaki nikudanganye mara ya pili, kwa hiyo nakuandikia kama ilivyokuwa. Kopo moja la ukungu lilikufa, nadhani nililizidishia maji. Yale mawili yasiyo na ukungu yalitoka na majani ya zambarau, mafupi, kama yako. Lile moja lililobaki, Debora, lilitoka la kijani. Lilipanda mpaka likayapita mengine kwa kiganja changu kizima. Sijui kuhesabu kisayansi, na najua wewe utasema kopo moja si ushahidi, nimelisoma hilo pia daftarini kwako. Lakini nililitazama kila siku na najua rangi ya kijani ninapoiona.

Nilikuwa nimekwisha kumwambia Mungu siku nyingi. Kwa Mungu niliungama mapema, tena kwa machozi. Nimegundua kwamba kwake ilikuwa rahisi, kwa sababu yeye alikuwepo bandani nilipokuwa nachemsha, hapakuwa na kitu cha kumshangaza. Wewe ndiye uliyekuwa hujui. Nilichukua msamaha wake nikajificha nyuma yake nisije nikafika kwako. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama ni hicho, na sikupi kama amri. Siku utakapomkosea mtu aliye mdogo kwako, aliye chini yako, anayekuamini mpaka hakuulizi, mwambie kabla jua halijahama. Mkubwa mwenzako atakuuliza mwenyewe. Mdogo atajilaumu.

Na kitu ukikiacha mikononi mwa mtu kikaharibika, usikimbilie kusema mikono yako ndiyo mibovu. Uliza kwanza kilipitia wapi. Hata mtu huyo akiwa ni mama yako.

Nilimtafuta yule mwalimu wako. Sikumwambia sababu, nilimuuliza tu kama mtu aliyemaliza anaweza kurudia masomo ya sayansi. Akasema inawezekana, kwa mtihani wa kujitegemea, ila si kazi ndogo na muda utakwenda. Akauliza ni nani. Nilipokutaja akasema, "Yule wa makopo? Alisema ukweli mbele ya watu. Nimewafundisha wengi, hilo sijaliona mara nyingi." Nimeyabeba maneno hayo mwezi mzima kama yai, nakuletea leo.

Sikuambii uache chuo. Sikuambii ubaki. Nimeshakuamulia mara moja bila wewe kujua, sina haki ya kufanya hivyo tena. Daftari lako nimeliweka chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, pamoja na jani moja la kijani na moja la zambarau, yamekauka lakini rangi bado zipo. Tazama mwenyewe kisha uamue. Ukiamua kubaki na ukatibu kwa kuupenda, nitafurahi kweli. Ukiamua kurudia, baba yako amesema kile kichanja tutakihamisha, banda lote litakuwa la makopo yako, na vitunguu vitajua pa kulala.

Ukinikasirikia, kasirika. Sitakuambia kwamba mama ni mama. Nimelitumia jina hilo vibaya ukiwa huna pa kulipima.

Nasikia ng'ombe wanaingia, na wewe utakuwa karibu kufika, hupendi kutembea giza likishaingia. Nafunga barua hii sasa, naitia begini mwako uikute huko, nisije nikaisoma tena nikaibadilisha. Kesho utaniona nakufungia begi na nitakuwa nacheka cheka, usidhani sina kitu moyoni. Nisamehe hilo pia.

Nakuomba unijibu mapema, Debora. Kwa barua au kwa simu, hata maneno mawili. Hata kama ni swali tu la kopo gani lilikufa na nililitia maji kiasi gani, niulize, nitakujibu ukweli wote.

Mimi mama yako.